Kadi ya Kliniki Mimba Ikiwa Changa

Wauguzi wenzangu, na ninyi wahudumu wa afya mliovuka maji alfajiri kutoka Ukerewe na Kome, karibuni Mwanza, na poleni na safari. Kabla sijaanza, naomba kila mmoja aegemeze mgongo na akanyage chini kwa miguu yote miwili. Asiwepo aliyekunja nne.

Nazungumzia mjamzito mwenye kisukari, hasa aliyeanza kuumwa sukari kabla ya mimba. Huyu yuko karibu zaidi na priklampsia, ile presha inayopanda baada ya wiki ya 20, ikaja pamoja na protini kwenye mkojo au ikaumiza figo, ini au ubongo. Isiposhikwa mapema, inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Katika wajawazito 100 huwapata takribani 2 hadi 8. Kwa mwenye kisukari cha tangu zamani, hatari hiyo ni mara mbili hadi nne.

Mimba ikiwa changa, mishipa midogo ya mji wa mimba inatakiwa kutanuka ili kondo la nyuma lipate damu ya kutosha. Isipotanuka, kondo lenye njaa ya damu humwaga kemikali zinazochokoza mishipa ya mama mwili mzima. Sasa mwenye kisukari, mishipa yake imeshachokozwa na sukari kwa miaka. Kwa hiyo presha tunayoikuta wiki ya 32 ilianza kupikwa wiki ya 10, wakati mama bado hajamwambia hata mama mkwe.

Hapo ndipo panaponiuma. Mimba changa huku kwetu inafichwa, na wengi tunawaona kliniki tumbo likiwa limeshatoka.

Niliwahi kumpokea mama wa visiwani, wiki ya 30, sukari anaumwa mwaka wa tisa. Presha 150 kwa 100, mkojo una protini ya alama mbili. Nikafungua kadi yake: mahudhurio ya kwanza, sehemu ya mkojo, patupu. Hii protini ni ya juzi, au figo zimekuwa zikivuja tangu zamani kwa sababu ya kisukari? Alama moja ya kalamu ya wiki ya 10 ingenijibu. Tulimtibu kama mwenye priklampsia, na siku ya nne ikabidi tumzalishe. Mtoto alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu. Walipona wote wawili, lakini ile nafasi tupu kwenye kadi bado naiona.

Kwa hiyo mjamzito mwenye sukari akifika tu, siku hiyohiyo apimwe presha, protini ya mkojo na sukari, na viandikwe. Muulizeni kisukari kina miaka mingapi, kama ana presha ya zamani, kama mimba iliyopita ilimpandisha presha. Aliye na figo zinazovuja tayari ndiye wa kumwekea jicho kuliko wote. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu ni kizuri, ila kanda hii ina selimundu na malaria nyingi, na mwenye upungufu wa damu kipimo hicho kinaweza kumdanganya. Kisomeni pamoja na sukari ya kidoleni.

Kwa nini nahangaika na wiki? Kwa sababu ya kidonge cha bei ndogo. Utafiti wa ASPRE, uliochapishwa 2017, uliwapa wanawake wenye hatari kubwa aspirini miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na 14. Priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 ilipungua kwa asilimia 62. Ulifanyika Ulaya na Israeli, hilo tulikumbuke. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Mwenye kisukari cha zamani tayari anahesabiwa katika hatari kubwa, hata pasipo vipimo vya mashine ya gharama. Daktari aandike dawa. Mama asijinunulie dukani. Lakini akifika wiki ya 28, faida kubwa imeshapita. Ndiyo maana kisukari cha mimba, kinachogundulika kati ya wiki ya 24 na 28, kinatukuta tumechelewa, na huyo kinga yake ni kupimwa presha mara kwa mara.

Kalisiamu nayo inapendekezwa pale chakula kinapoikosa. Dagaa wetu, akiliwa mzima na mifupa yake, anayo. Mwambieni mama asimchambue, ila vidonge alivyoandikiwa ameze vilevile.

Tuje kwenye mashine ya presha. Mama ameshuka mawe ya Mabatini, akapanda daladala, akasimama foleni. Ukimfunga mkanda hapohapo umepima safari yake. Apumzike dakika tano, mkono ulingane na moyo. Mkono mnene ufungwe mkanda mkubwa, maana mdogo hupandisha namba kwa uongo. Kisha tafuteni wastani wa presha: 130 kwa 85, tofauti ni 45, theluthi yake 15, jumlisha na 85, unapata 100. Wastani huo ni kati ya vipimo vinavyotumika kutabiri priklampsia mapema.

Dakika tano zenu zimeshapita zamani. Kaeni wawili wawili mpimane, na mikanda mikubwa iko kwenye boksi pale dirishani.