Mpira wa klachi hauoshwi kwa petroli

Jamani hili nimelisema hadi mdomo umekauka ila ntalirudia: mipira ya klachi ya mafuta ya pikipiki, ile inayosukumwa na mafuta ya breki badala ya kuvutwa na waya, haioshwi kwa petroli. Wala dizeli, wala usiipake grisi ya beringi. Najua kuna mtu anasema moyoni mbona cheni naosha na inang'aa, sawa, cheni ni chuma baba, huu mpira umetengenezwa ukae ndani ya mafuta ya breki, ukikutana na petroli unavimba.

Mi yalinikuta. Nilifungua masta silinda, ile ya juu kwenye usukani, nikatoa pistoni, nikashika vikombe vipya vya mpira nikasema ngoja nivisuuze vumbi, nikavitumbukiza kwenye kopo la petroli. Vikaingia vizuri tu. Nikatoa upepo uliobaki kwenye mafuta, nikaendesha, nikajisifu. Siku ya tatu nikiachia mkono wa klachi haurudi wote, unaishia njiani, injini inapiga kelele pikipiki haivuti. Kufungua nakuta kikombe kimenenepa, kinang'ang'ania silinda, na kimeziba kale katundu ka kurudishia mafuta kwenye kikopo cha mafuta ya breki kilicho juu ya masta silinda. Kadogo kweli, ncha ya sindano ndo inapita. Sasa kakiziba, mafuta yakipata joto la injini yanatanuka na hayana pa kwenda, yanaisukuma klachi yenyewe hujagusa kitu, inateleza, na wewe unakimbilia kununua pleti za klachi. Pleti hazina kosa!

"Sasa nioshee nini?" Mafuta yale yale ya breki, mapya, chovya kidole, paka, ingiza. Basi.

Na mafuta yenyewe soma kwenye kifuniko. Klachi nyingi ni DOT 4, aina ya mafuta ya breki, zingine zinatumia mafuta ya madini, ukichanganya hizo mbili tunarudi kwenye mpira kuvimba. Na wewe unayedhani DOT 5 ni DOT 4 iliyopanda cheo, hiyo ni silikoni, iache. Funika tenki kwa kitambaa kilicholowa maji, DOT 4 ikidondokea rangi inaibandua.

Naona naoneshwa saa, haya haraka. Silinda ya chini, ile ya kwenye injini inayosukuma klachi: kabla hujafungua paipu bonyeza mkono wa klachi taratibu pistoni ijisukume nje, ukishafungua paipu utahangaika. Pitisha ukucha ndani, ukikwama kwenye vishimo vya kutu usinunue mipira, nunua silinda nzima. Zile washa, vipete vya shaba vya boliti ya paipu, weka mpya. Mafuta badilisha kila miaka 2, yanavuta unyevu, hiyo kutu mnadhani inatoka wapi?

Eeh, nani kauliza upepo ukikataa kutoka? Funga mkono wa klachi na usukani kwa kamba ukiwa umebonyezwa, ulale, asubuhi uachie polepole uone vipovu vinavyopanda kwenye kikopo. Ila kifuniko kiwe juu yake, mi nilishakuta mende.