Wikiendi Moja ya Kutafuta Mtaa Dodoma

NEEMA: Karibuni tena. Leo tunaongea na nyinyi mliokwisha pata barua ya uhamisho kwenda Dodoma, na mna wikiendi moja tu ya kutafuta pa kukaa. Kaka Yusuf, mtu kashuka kwenye treni ya SGR Ijumaa usiku. Aanzie wapi?

YUSUF: Aanze na kazini kwake, dada. Tangu serikali ilipohamia rasmi, kuanzia 2016, wizara zimejengwa Mtumba, karibu kilomita 17 kutoka mjini, barabara ya kwenda Dar. Wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, naye kazi yake iko Chimwaga. Sasa mtu wa Mtumba akipanga Nkuhungu kwa sababu kaona nyumba nzuri, kila asubuhi avuke mji mzima ndipo aanze safari!

NEEMA: Kwa hiyo atazame upande uleule. Ihumwa, Nzuguni, Ipagala, Kisasa.

YUSUF: Ndiyo. Nzuguni mimi naipenda: stendi kuu iko pale, na soko la Job Ndugai liko jirani. Mwenye familia hilo soko ni kitu kikubwa.

NEEMA: Hapa kwenye maji naomba tukae kidogo, maana ndiko watu wanakoumia. Dodoma ni kukavu, mvua ni Desemba mpaka Aprili, basi. Maji ya mjini sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka mno. Dalali akikufungulia bomba Jumamosi likatiririka, bado hujajua lolote.

YUSUF: Umuulize nani?

NEEMA: Mpangaji wa jirani. Au mama wa genge, nunua nyanya kwake, ongea naye. Maji yanatoka siku zipi? Usiku au mchana? Simtanki ni ya wote au ya mwenye nyumba? Ukikuta ua umejaa madumu, umeshajibiwa.

YUSUF: Mimi natazama na kuta. Alama ya tope kwa chini inakuonyesha maji ya mvua yanapita wapi. Ukija Agosti, vumbi tupu, huwezi kudhani korongo lile linajaa.

NEEMA: Na LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, iwe yako peke yako.

YUSUF: Hapo umenena. Kuna la hela pia: mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, na Jumamosi jioni atakwambia kuna mteja mwingine njiani. Usitoe.

NEEMA: Hata nyumba ikiwa imekupendeza?

YUSUF: Hata hivyo. Omba ruhusa ya Jumatatu, ulale gesti ya mtaa huohuo. Saa kumi na mbili asubuhi simama kituoni na wanaokwenda kazini, upande daladala mpaka Mtumba. Ukifika kwa wakati, mpigie mwenye nyumba, mwandikishiane mkataba siku hiyohiyo.