Mlima Haujui Kama Jumatatu Una Kikao

JUMA: Habari zenu wasikilizaji. Mimi ni Juma, na kama kawaida niko na dada yangu Rehema. Leo tunazungumza na nyinyi wenye kazi ya kuajiriwa, halafu mioyo yenu iko nje: milimani, mtoni, kwenye baiskeli, kwenye hema. Dada Rehema, uliniambia kabla hatujarekodi kwamba hutaki tuanze na mbinu za kupanga ratiba.

REHEMA: Sitaki, kaka. Ratiba tutafika. Nataka kuanza na siku ambayo ratiba ilitaka kutuua mimi na mwenzangu.

JUMA: Haya, tusimulie.

REHEMA: Ilikuwa siku ya mwisho ya likizo yangu. Kesho yake asubuhi nilikuwa na kikao cha kuwasilisha hesabu za robo mwaka, na nilijua sipati likizo nyingine kwa miezi minane. Tulikuwa tunapanda na rafiki yangu. Saa saba mchana wingu likashuka mpaka hatuoni mita 50 mbele. Yeye akasema, "Turudi." Nikamwambia, "Tumebakiza kidogo tu." Sasa nikuulize, kaka: unadhani ni nani aliyekuwa anasema pale? Si mpanda mlima. Mpanda mlima ndani yangu alikuwa anajua kabisa kwamba tunatakiwa kurudi. Aliyekuwa anasema ni kalenda ya ofisini.

JUMA: Mkaendelea.

REHEMA: Tukaendelea. Kileleni hatukuona chochote. Tukashuka gizani na tochi moja, mwenzangu akateguka kifundo cha mguu, tukatumia karibu saa tano kwenye kipande cha njia ambacho mchana ni saa moja na nusu. Alipona, namshukuru Mungu. Kwenye kikao nilifika kwa wakati. Lakini nilikaa pale nikimwangalia mtu anaonyesha chati, nikawaza: nilimburuta rafiki yangu kwenye hatari kwa sababu ya likizo iliyokuwa inaisha. Mlima haukujua kama nina kikao. Mto haujui. Mvua haijui.

JUMA: Hili jambo watu hawalisemi. Tunazungumza sana kazi inavyotunyima muda wa kwenda. Hatusemi kazi inavyotufuata mpaka huko juu na kutufanyia maamuzi.

REHEMA: Na mwenye muda mchache ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Anayeishi karibu na mlima na hana bosi akiona wingu anarudi nyumbani, atajaribu keshokutwa. Wewe keshokutwa huna.

JUMA: Ndiyo maana wapanda milima wana kitu kinaitwa saa ya kurudi. Unaipanga ukiwa nyumbani, tumbo limeshiba, akili imetulia: ikifika saa fulani, popote nilipo, nageuka. Wale waliofuatilia habari za Everest wanakumbuka Mei 1996. Watu 8 walifariki kwenye dhoruba ya tarehe 10 na 11. Saa nane mchana ilikuwa imetajwa kuwa mwisho wa kuendelea kupanda, lakini wengine walikuwa bado wanafika kileleni baada ya hapo. Miongoni mwao walikuwamo wazoefu. Ila walikuwa wamesubiri muda mrefu sana, na wengine walikuwa wamelipa fedha nyingi.

REHEMA: Kile kile, kwa kipimo kikubwa.

JUMA: Sasa saa ya kurudi unaipataje? Hapa napenda kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892. Kwa vipimo vya sasa: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Chukua njia ya kilomita 15 yenye mita 900 za kupanda. Saa 3 za umbali, saa 1 na nusu za mwinuko, jumla saa 4 na nusu.

REHEMA: Bila kupumzika.

JUMA: Bila kupumzika, bila kupiga picha, bila kufunga kamba za viatu, na kwa mtu mwenye nguvu. Mimi nikiwa na kundi mchanganyiko naongeza nusu ya hapo, inakuwa karibu saa 7. Kama jua linazama saa kumi na mbili na nusu, na nataka saa mbili za akiba, basi nikianza saa tano asubuhi nimeshachelewa. Hesabu hiyo naifanya Jumatano, si Jumapili nikiwa kwenye gari.

REHEMA: Na akiba ya mwanga usiipunje. Karibu na ikweta jua linashuka wima, giza linaingia haraka kuliko wanavyozoea watu wa kaskazini ya mbali. Halafu kuna baridi. Kwa wastani joto linapungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Umeondoka ofisini kuna nyuzi 25. Mita 1,500 juu zaidi ni kama 15, na upepo haujahesabiwa. Mtu aliyetoka kazini moja kwa moja na shati lake la pamba hilo linamkuta.

JUMA: Tusisahau safari ya kurudi, dada. Binafsi naiogopa kuliko mwamba.

REHEMA: Enhe, lisemee hilo.

JUMA: Wafanyakazi tunabana kila kitu kwenye siku moja. Unaamka saa tisa usiku, unaendesha, unapanda, unashuka, halafu saa mbili usiku uko kwenye usukani unarudi kwa sababu kesho ni kazi. Hesabu: umekuwa macho saa 17. Kuna utafiti wa mwaka 1997 wa Drew Dawson na Kathryn Reid ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi hicho ndicho kiwango ambacho ukikutwa nacho barabarani unashtakiwa. Hujagusa hata tone, na unaendesha kama mlevi.

REHEMA: Kwa hiyo tufanyeje? Kazi ni kesho.

JUMA: Mimi nimeamua kwamba usiku wa Jumapili si wa barabarani. Ama safari yangu inaisha Jumamosi, ama nalala huko huko na naomba kuingia kazini mchana Jumatatu. Na kuomba kwenyewe nilijifunza kwa tabu. Zamani nilikuwa nasema nina udhuru wa kifamilia.

REHEMA: Hata mimi.

JUMA: Siku moja nikamwambia msimamizi wangu ukweli: "Mimi napanda milima, ni jambo kubwa kwenye maisha yangu, naomba Jumatatu mbili kwa mwaka niingie saa saba, na saa hizo nitazilipa." Akakubali, na tangu hapo ananiuliza habari za safari. Si kila bosi atakuwa hivyo, najua. Lakini udhuru wa uongo una gharama: ukipata ajali huko, hakuna mtu kazini anayejua uko wapi.

REHEMA: Hilo la mtu kujua uko wapi lisipite hivi hivi. Acha ujumbe kwa mtu mmoja: njia gani, na nani, narudi saa ngapi, na ikipita saa ngapi atafute msaada. Dakika mbili tu. Na nyumbani vilevile. Mume wangu hapandi. Kwa miaka nilikuwa namwarifu, simshirikishi. Kuna tofauti. Sasa mwanzo wa mwaka tunakaa na kalenda, safari zangu tunaziweka, shughuli zake tunaziweka, za watoto tunaziweka. Safari zimepungua idadi, lakini nikiondoka naondoka na moyo mweupe.

JUMA: Kuhusu likizo yenyewe, niseme jambo la haki. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unasema mfanyakazi apate likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua wiki 3 za kazi. Na ikigawanywa, sehemu moja iwe angalau wiki 2 mfululizo, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Si kila nchi imeuridhia, kwa hiyo soma sheria ya kwako na mkataba wako wa ajira. Watu wengi wana siku wasizozitumia, zinapotea, na huku wanalalamika hawana muda.

REHEMA: Mimi hizo wiki mbili nazilinda kama mboni ya jicho. Zilizobaki ninazivunja vipande: Ijumaa moja hapa, siku moja kando ya sikukuu pale.

JUMA: Sasa turudi kwa yule ambaye hata kipande hicho hana.

REHEMA: Huyo ndiye niliyekuwa naye moyoni wiki nzima. Ndugu yangu, siku ya kazi ni saa 8, pengine 9, na safari zake. Toka saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu asubuhi ni saa 16. Sisemi zote ni zako. Kuna kulala, kuna watoto. Ila mara moja kwa mwezi, usiku mmoja wa katikati ya wiki, unaweza kulala kwenye hema umbali wa nusu saa kutoka nyumbani na kesho ukafika kazini. Nimefanya. Unaingia ofisini una siri tamu.

JUMA: Na asubuhi. Yule Mjapani, Yuki Kawauchi, alishinda mbio za Boston Marathon mwaka 2018, siku ya mvua, baridi na upepo wa usoni, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 58. Wakati ule alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoa wa Saitama, kazi ya ofisi shuleni. Zamu yake ilianza mchana, kwa hiyo asubuhi ilikuwa yake. Akaitumia kwa mazoezi.

REHEMA: Lakini tusimtishe msikilizaji na bingwa. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2019, wa watu karibu 20,000 wa Uingereza. Waliokaa kwenye mazingira ya asili dakika 120 au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema afya yao ni nzuri na wameridhika na maisha. Na haikujalisha kama ni mara moja au vipande vipande. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa afya, huenda wenye afya ndio wanaotoka. Ila dakika 120 ni nini? Nusu saa mara nne. Hizo anazo hata mhasibu mwezi wa kufunga hesabu.

JUMA: Dada, kuna msikilizaji, muuguzi wa zamu za usiku, ameuliza: aache kazi afanye anachokipenda, awe mwongoza watalii?

REHEMA: Hili nina la kusema, maana mwenzangu hapa ulifanya.

JUMA: Nilifanya, miaka miwili. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi niliacha. Sijutii, nilijifunza kuwatunza watu milimani. Lakini nilipanda mlima mmoja mara nyingi mno, kwa mwendo wa wengine, siku ambazo moyo wangu ulitaka mto. Siku zangu za mapumziko sikutaka kuona kilele. Niliporudi kwenye kazi ya mshahara, mwezi wa pili nikajikuta napanga safari saa sita usiku, sijalala kwa hamu. Hapo nikajua ile hamu imerudi. Wapo waongozaji wanaoipenda kazi yao mpaka uzeeni, nawaheshimu. Kwa muuguzi wetu ningesema: chukua likizo, ongoza msimu mmoja kama msaidizi, uone.

REHEMA: Na ukitoka zamu ya usiku, lala kwanza. Usiende mlimani moja kwa moja, wala usishike usukani. Amka mchana, toka jua likiwa bado juu, tembea saa moja. Mlima uuwekee siku ambayo umelala usiku mbili mfululizo.

JUMA: Nimeona begi lako pale mlangoni, dada. Ni la Jumamosi?

REHEMA: La Jumamosi, nimelifunga jana. Nitaenda na yule rafiki yangu wa kifundo cha mguu. Saa ya kurudi ni saa saba kamili, na safari hii nimempa yeye aishike. Akisema tugeuke, tunageuka.

JUMA: Tochi ngapi?

REHEMA: Tatu.