Nanga Ifungwe Mbele: Mhadhara kwa Wavuvi wa Wikendi

Asanteni sana, mabibi na mabwana. Nimeombwa nizungumzie mambo mawili, vifaa vya kuvulia samaki aitwaye besi na namna ya kuongoza boti ndogo. Nitaanza na boti. Wanaonifahamu wanajua kwamba huenda nikaishia hapo hapo, na iwe hivyo. Fimbo nzuri ya kuvulia, muuzaji yeyote atakuuzia na kukueleza sifa zake. Habari za nanga hakuna anayekueleza.

Besi mnamjua, sina haja ya kumtambulisha. Ziwa Naivasha mnalijua pia. Msichokijua, au mnachojifanya hamkijui, ni saa. Kutoka hapa Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Anayeondoka saa kumi alfajiri anakuta maji yametulia kabisa. Lakini sisi tunaondokaje? Jumamosi tunaamka, tunakunywa chai, tunampitia mwenzetu Westlands, tunamngoja mwingine Kinoo, tunakwama nyuma ya malori pale Mai Mahiu, tunakula. Boti inaingia majini saa tano na nusu. Na Naivasha ina desturi yake: asubuhi shwari, mchana upepo. Kufika saa nane maji yameshachafuka. Wavuvi wa pale wanatoka na samaki wao, na sisi ndio kwanza tunaingia. Halafu kwa sababu tumesafiri mbali na tumelipa, hatutaki kurudi ufuoni mapema.

Sasa nisikilizeni hapa. Boti ina mbele na nyuma. Watu wa pwani wanasema omo na tezi. Omo imechongoka na imeinuka, ili ipasue wimbi. Tezi imekatwa wima, iko chini, na ndiyo imebeba injini, tangi la mafuta, betri, na mara nyingi mtu mzito kuliko wote. Ukifunga nanga tezini, umeuelekeza upande dhaifu wa boti kwenye upepo na mawimbi, kisha ukaushikilia pale kwa kamba. Boti haiwezi kuinuka na wimbi, kwa maana kamba inaivuta chini. Wimbi la kwanza linamwaga maji kidogo. Maji hayo yanakimbilia nyuma, tezi inazama zaidi, na wimbi la pili linaingia bila kubisha hodi.

Nimeliona hilo kwa macho yangu, nikiwa ufuoni upande wa kusini mwa ziwa. Boti ya faiba, vijana watatu, wameegesha karibu na mafunjo, nanga imefungwa nyuma kando ya injini. Upepo ukaanza. Mmoja wao akanasa samaki, na wenzake wawili wakasogea nyuma kumsaidia. Watu watatu na injini, wote tezini! Maji yalipoanza kuingia, aliyekuwa karibu na kamba alijaribu kulifungua fundo. Fundo lilikuwa limelowa na kukazwa na uzito wa boti nzima, na hawakuwa na kisu cha kukatia kamba. Boti ikajaa mpaka ukingoni, ikalala ubavu. Bahati yao walishikilia boti hawakujaribu kuogelea, na wavuvi waliokuwa wanarudi wakawaokota. Majaketi yao ya uokoaji yalielea baadaye kutoka chini ya kiti, yakiwa bado ndani ya karatasi za dukani. Na fimbo zilizozama pale zilikuwa za bei ambayo ingenunua majaketi ya kijiji kizima.

Kwa hiyo nanga ifungwe mbele. Siku zote, hata ziwa likiwa kama kioo, kwa sababu ziwa halitakuomba ruhusa ya kubadilika. Na kamba iwe ndefu. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake, inashika kwa kuvutwa kimlalo hadi makucha yake yazame kwenye tope. Ukiwa na kamba fupi, unaivuta kwenda juu na inang'oka. Kukiwa na upepo toa kamba mara 7 ya kina. Kina cha mita 4 kinataka mita 28 za kamba. Naona mtu pale nyuma anacheka. Huyo ana kamba ya mita 10, namjua. Mita moja au mbili za mnyororo kati ya nanga na kamba zitakusaidia pia, kwa maana zinailaza nanga chini.

Najua mtakachosema. Mtasema ukifunga nanga mbele boti inayumba kushoto na kulia, na huwezi kurusha chambo mahali pale pale mara mbili. Ni kweli, inayumba. Rusha inapokuwa upande wako, ngoja irudi, rusha tena. Au acha nanga kabisa, ifuate kingo ya mafunjo kwa kasia taratibu. Upepo ukikusukuma mno, tia ndoo majini kwa kamba iliyofungwa omoni, itapunguza kasi na kuishika omo ielekee upepo. Wapo wanaofunga nanga mbili, mbele na nyuma, kwenye kighuba kilichokingwa na upepo. Upepo ukigeuka, ya nyuma ndiyo ya kwanza kutolewa, na kama huwezi kuitoa kwa sekunde chache usiifunge. Lakini usiniambie kwamba besi wa kilo mbili anastahili hatari ile.

Jambo lingine linalotokana na ziwa lenyewe. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Injini ya nguvu farasi 15 uliyoisifia Mombasa, Naivasha inakupa kama 12. Ukipakia watu wanne, sanduku la barafu na mafuta ya akiba, halafu upepo uje usoni, utajua tofauti hiyo iko wapi. Pakia kidogo. Mkirudi katika mawimbi, watu wakae chini katikati, punguza mwendo, likate wimbi kwa mshazari mbele, usiliachie ubavu wa boti. Mawimbi ya ziwa la kina kifupi ni mafupi na yamesimama wima, yanafuatana haraka kuliko ya baharini, hayakupi nafasi ya kujipanga. Kopo la kuchotea maji yaliyoingia lifungwe kwa kamba ndani ya boti, lisije likawa la kwanza kuondoka.

Jaketi livaliwe, lisikaliwe. Kile kikamba chekundu cha kuzimia injini kifungwe mkononi mwa anayeendesha. Ukirushwa nje kwenye kona, boti bila dereva huzunguka na kurudi ulipo, na panga zake zinazunguka.

Viboko. Mchana hupumzika kwenye maji ya kina kifupi karibu na mafunjo, na besi hujificha hapo hapo akivizia. Usipite kati ya kiboko na maji ya kina, kwa sababu akishtuka ndiko anakokimbilia, na wewe uko njiani. Ukiona mapovu yanakuja upande wako, ondoka, samaki utamrudia.

Naona naoneshwa saa. Vifaa, basi, haraka haraka. Fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7, ngumu kiasi, yenye ncha inayorudi upesi. Kwenye magugu na mafunjo tumia uzi wa kusokotwa, unaohimili uzito wa ratili 30 hadi 50, kwa maana besi akishanasa anakimbilia ndani ya mimea na uzi mwembamba hautamtoa. Chambo chenu kiwe mnyoo wa plastiki na chubwi, yaani kizito cha kuzamishia uzi, ya umbo la risasi, ncha ya ndoana ikiwa imezamishwa ndani ya mnyoo isinase magugu. Hiyo peke yake inatosha asubuhi nzima. Rangi ya wekundu iliyokolea hufanya kazi, kwa kuwa kamba wekundu wa Louisiana, wale wanyama wa majini wenye gamba na makucha, waliingizwa ziwani mwaka 1970 na besi amewazoea mezani pake. Mambo ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, niliyaandika kurasa tatu, tutayaacha.

Samaki unayemrudisha, lowesha mikono kwanza, mshike mdomo wa chini na umtegemeze tumbo kwa mkono wa pili, wala usimning'inize kwa taya ili upigwe picha. Na leseni mnazo? Ikateni kabla ya kwenda, msibishane na ofisa ufuoni.

Nimekuja na nanga na kamba yake, ziko hapa mbele. Kabla ya maswali, wenye boti waje mmoja mmoja wanioneshe fundo wanalofunga, kisha walifungue kwa mkono mmoja wakati mimi naivuta kamba.