Nywele za Usaili Zisukwe Lini?

REHEMA: Karibuni tena. Majina ya walioitwa kwenye usaili yametoka, na kwenye meseji zenu swali la kwanza si "nisome nini", ni "nisuke nini". Haya. Mwenzangu Mwanaidi ni msusi na mpambaji. Mimi ni afisa rasilimali watu, nakaa upande ule wa meza mnaouogopa. Shoga, anza.

MWANAIDI: Naanza na siku ya kusuka, maana ndiko watu wanakoharibu. Mteja anakuja jioni, kesho asubuhi yuko mbele ya jopo, anataka rasta ndogondogo za kubana. Mpenzi wangu, hutalala. Ngozi ya paji imevutwa mpaka macho yamepanda juu, na pale nywele zinapoanzia vinatoka vipele vyeupe. Unaambiwa "jitambulishe", unachowaza wewe ni panadol.

REHEMA: Kwa hiyo lini?

MWANAIDI: Siku tatu kabla. Msuko unakuwa umelegea, maumivu yameisha, na bado ni msafi. Na mwambie msusi asibane. Ukimwona anavuta vile vinywele laini vya mbele, juu ya paji, sema. Hivyo vikikatika mara kwa mara huwa havirudi.

REHEMA: Na anayesafiri? Usaili wa serikali unaweza kuitwa Dodoma wewe uko Mpanda, na tangazo linasema wazi kila msailiwa atajigharamia nauli, chakula na malazi. Mtu ameegemea kiti cha basi usiku kucha.

MWANAIDI: Huyo namsuka twende kilioni, basi. Mistari imelala kuelekea kisogoni, anafunga kitambaa cha satini, akifika anafungua, anapaka mafuta kidogo pembeni. Ukisafiri umevaa wigi, unashuka kisogo kimekuwa bapa. Liweke kwenye mkoba, ulivae ukishaoga.

REHEMA: Kwenye wigi nina neno. Mlangoni unakaguliwa kitambulisho. Picha ina msichana aliyenyoa, aliyesimama ana nywele mpaka mgongoni, kope mpya, nyusi mpya. Mkaguzi anaangalia picha, anakuangalia wewe, anarudi kwenye picha. Hatakurudisha nyumbani kwa sababu ya wigi, lakini umeanza siku yako kwa kuthibitisha kwamba wewe ni wewe.

MWANAIDI: Mimi wigi nalitetea. Fupi, la kuishia shingoni, limekaa sawa mbele, lina tabu gani? Usilolipenda wewe ni lile refu ambalo mtu analisukuma nyuma ya sikio kila akijibu swali.

REHEMA: Hilo hasa! Mkono uko kwenye nywele, sisi macho yako kwenye mkono.

MWANAIDI: Halafu wigi ni gharama, msisahau. Bajeti ya 2019/20 ilizitoza nywele bandia ushuru, asilimia 10 za kutengenezwa nchini na 25 za kutoka nje. Sasa mtu hana kazi, anakopa anunue wigi la kwenda kuombea kazi. Si kunyoa tu?

REHEMA: Kunyoa kunapendeza sana, kusema kweli. Wasichana wengi waliosoma shule za serikali wamekaa na nywele fupi mpaka kidato cha nne au cha sita, wanajua kuzitunza. Chonga vizuri, vaa hereni ndogo, uso wote unaonekana.

MWANAIDI: Lakini nikuulize, maana wewe ndiye mwenye meza. Binti ameacha nywele zake za asili, amezichana, amezibana nyuma. Kuna mtu atasema hazijatengenezwa?

REHEMA: Wapo.

MWANAIDI: Hilo linanikera.

REHEMA: Hata mimi. Kuna wazee kwenye majopo ambao kwao nywele isiyo na dawa ni nywele iliyosahauliwa. Utumishi wa umma una waraka wa mavazi tangu 2007, na mtu akishazoea kusahihisha sketi na fulana, jicho halikomi kwenye nguo. Ushauri wangu: usitie dawa kwa ajili yao. Zilainishe kwa maji na mafuta, zibane kifundo kimoja, pembeni pawe pamelala. Hapo atakayekukataa, amekukataa kwa jambo ambalo hata dawa isingeliponya.

MWANAIDI: Sawa, nimepoa. Twende usoni. Adui wa kwanza Dar es Salaam ni jasho. Daladala ya saa moja asubuhi, mwezi wa pili, umesimama. Ukipaka faundesheni nzito nyumbani, unafika imejikusanya pembeni mwa pua. Paka nyepesi, poda kidogo kwenye paji na pua, basi. Jasho likija, chukua tishu uigandamize usoni, usisugue. Ukisugua unachora michirizi.

REHEMA: Na rangi ya faundesheni?

MWANAIDI: Ijaribu kwenye taya, usiijaribu mkononi, kisha toka nje ujitazame juani. Taa ya saluni inadanganya. Uso ukiwa mweupe na shingo nyeusi, hata mjumbe asiyejua vipodozi anaona kuna kitu. Nyusi, tinda siku mbili kabla, wembe ukikuchana pawe pamepona. Kope za bandia mimi siweki kabisa siku hiyo. Gundi ikiachia kona moja, jicho linatoa machozi.

REHEMA: Rangi ya mdomo?

MWANAIDI: Kahawia, au damu ya mzee. Nyekundu ya kuwaka inategemea mahali.

REHEMA: Nyekundu hainisumbui. Inanisumbua ile iliyohamia kwenye meno. Na kucha, jamani! Kazi za uandishi mwendesha ofisi, yaani ukatibu muhtasi, zina usaili wa vitendo, unakaa kwenye kompyuta unapiga chapa kwa muda. Nimemwona mtu anabonyeza kwa ubavu wa kidole kwa sababu ya kucha za kubandika. Anaijua kazi, lakini muda umeisha yuko katikati ya ukurasa.

MWANAIDI: Hina je? Imebaki ya harusi.

REHEMA: Iache, si uchafu. Ila udi na marashi yapunguze. Chumba kina kiyoyozi, madirisha yamefungwa, na sisi tumo humo tangu asubuhi.

MWANAIDI: Wanaovaa mtandio, chagua kitambaa kisichoteleza, na ndani uvae kikofia cha pamba. Ujifunge, kisha uiname, ugeuke, ucheke. Kikihama, badilisha kitambaa.

REHEMA: Kaka zetu?

MWANAIDI: Kinyozi, jana yake asubuhi. Ukinyoa asubuhi ya usaili, utafika na vipele shingoni na kola inakuchoma. Ndevu si kosa, ziwe na mpaka.

REHEMA: Moja nyeti kabla ya swali la msikilizaji. Kuna anayepata tarehe ya usaili, anakimbilia krimu ya kung'arisha.

MWANAIDI: Mkorogo. Msithubutu. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 wanaosimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango, angalia alama yao kabla hujanunua. Wiki moja ya mkorogo inakupa uso uliobabuka, na vifundo vya vidole vinabaki vyeusi vilevile.

REHEMA: Swali lenyewe: "Nina dredi tangu chuo, nimeitwa usaili benki, kazi ya kaunta. Nikate?"

MWANAIDI: Usikate.

REHEMA: Mimi ningesema kwanza aingie tawi lao lolote kama mteja, awatazame waliopo kaunta. Akimwona hata mmoja mwenye dredi, hoja imekwisha.

MWANAIDI: Na asipomwona?

REHEMA: Azifunge nyuma, azisokote mizizi wiki moja kabla, aende. Wakimuuliza kama yuko tayari kuzikata, jibu awe nalo kabla hajaingia mlangoni. Kama ni hapana, aseme hapana kwa upole.

MWANAIDI: Kusokota njoo Jumanne, Jumamosi nina maharusi.

REHEMA: Ameshajitangaza! Wiki ijayo viatu. Tuma swali lako kwa sauti, lisizidi dakika moja.