Kiti na Kalamu: Njia ya Mpiga Tromboni Melba Liston

Asanteni kwa kuja. Vijana wa matarumbeta ya kanisani nawaona mmejificha kule nyuma. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya mpiga tromboni katika bendi kubwa, zile bendi za jazi za Marekani zinazopanga watu 16 au 17 jukwaani. Nitamfuata mtu mmoja tu, Melba Liston, maana maisha yake yanaonyesha jambo ambalo sisi walimu huwa tunachelewa kuwaambia wanafunzi: kupuliza kutakupatia kiti, ila kiti hakina dhamana. Anayedumu katika kazi hii mara nyingi ni yule aliyejifunza pia kuandika muziki.

Tuanze na chombo chenyewe. Tromboni ya kawaida haina vibonyezo kama tarumbeta. Ina bomba la kuvuta lenye nafasi saba, na kila nafasi inashusha sauti kwa nusu toni, yaani hatua moja ndogo kabisa ya ngazi ya muziki. Nafasi ya saba iko mbali hata kwa mtu mzima. Sasa Melba, aliyezaliwa Kansas City, Missouri, mwaka 1926, alinunuliwa tromboni na mama yake akiwa na umri wa miaka saba. Mikono haikutosha. Ili afikie nafasi za mwisho ilimbidi ageuze kichwa pembeni huku mdomo haujaachana na chombo. Jaribuni hapo mlipo, mtaona shingo inavyolalamika. Babu yake ndiye aliyekaa naye kumwelekeza. Alipofika miaka minane alikuwa ameshapiga solo redioni.

Mwaka 1937 familia ilihamia Los Angeles, akapata mwalimu mkali, Alma Hightower, aliyelea bendi ya watoto. Akiwa na miaka 16 akajiunga na chama cha wanamuziki na kuajiriwa katika bendi ya ukumbi wa Lincoln. Ukumbi wa namna ile ulikuwa chuo. Waimbaji na wachekeshaji wanapishana jukwaani, na kila mmoja anataka muziki wake. Melba akaanza kuwaandikia. Hakuwa amemaliza hata utoto, na tayari ana kazi mbili ndani ya kazi moja.

Mwaka 1943 akaingia bendi ya Gerald Wilson. Hapa niwaeleze safu ya tromboni inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo penye siri. Tromboni huwa tatu au nne. Mpiga wa kwanza ndiye anayeamua nota ikatwe wapi, itikiswe kiasi gani, na wenzake wanamfuata kwa sikio bila kumtazama. Ukikalia kiti cha pili huna maoni. (Kicheko ukumbini.) Ni kweli kabisa! Unapiga sauti za katikati ambazo msikilizaji hazitambui mpaka siku zitakapokosekana. Mbele yako wamekaa wa saksafoni, nyuma yako wanavuma wa tarumbeta, nawe uko katikati ya chungu. Ukikaa pale miaka michache ukiwa na masikio mazima, utajua muziki unavyojengwa. Sishangai kwamba Glenn Miller, J. J. Johnson na Slide Hampton, wote wapiga tromboni, walikuwa pia waandishi wazuri wa muziki.

Njiani, hata hivyo, hapakuwa na masihara. Mwaka 1949 Melba alisafiri na mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi wa rangi. Watu wa kule walitaka muziki wa kucheza, bendi inawapigia mambo mapya, mapato yakawa haba na ziara ikavunjika. Kwa mwanamke palikuwa pabaya zaidi. Melba mwenyewe alisema baadaye, bila kuficha, kwamba alidhulumiwa kimwili akiwa safarini. Akaacha. Akarudi Los Angeles, akafanya kazi ya ofisini katika idara ya elimu kwa miaka kadhaa, na kupata vijisehemu vidogo katika filamu za Hollywood. Mnaoandika wasifu wa wasanii, msiiruke miaka hiyo. Nayo ni sehemu ya njia.

Aliyemrudisha ni mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi Dizzy Gillespie, mwaka 1956, kwa ziara ya Mashariki ya Kati na baadaye Amerika Kusini iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani. Wanaume wa bendi walinung'unika: kwa nini mwanamke aitwe kutoka mbali hivyo wakati wapiga tromboni wamejaa hapahapa? Dizzy hakubishana nao. Alimwambia Melba agawe karatasi za muziki aliouandika. Wakaanza kupiga, wakajikwaa mwanzoni kabisa. Manung'uniko yakaishia hapo.

Toka hapo kalamu ikatangulia. Albamu yenye jina lake mbele ni moja tu, ya 1958. Kazi zake zilizobebwa na majina ya wengine ni nyingi mno, na hasa zile za mpiga piano Randy Weston. Novemba 1960 walirekodi New York kazi iitwayo Uhuru Afrika, Weston akitunga na Melba akiipangia bendi nzima, yaani kuamua kila chombo kipige nini. Ndani yake mnasikia shairi la mshairi Mmarekani Langston Hughes likisomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado inatawaliwa na Mwingereza! Mwaka 1964 Afrika Kusini ikaipiga marufuku rekodi hiyo.

Miaka ya sabini alifundisha Jamaica, kisha akarudi Marekani na kuongoza bendi yake mwenyewe. Mwaka 1985 akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukalegea, na tromboni haipigwi kwa mkono mmoja. Kwa mpiga tromboni asiye na kazi nyingine, safari ingekomea hapo. Yeye alijifunza kuandika muziki kwa kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya tisini Weston akatoa albamu zilizopangwa naye. Alifariki Los Angeles mwaka 1999.

Maswali nitayapokea sasa hivi. Ila ninyi wa matarumbeta, Jumamosi kila mmoja aje na wimbo mmoja wa kitabuni alioupanga upya kwa tromboni tatu, kwa mwandiko unaosomeka. Ukiwa mbovu haidhuru, tutaupiga hivyohivyo.