Msitu Uliofunguliwa kwa Uzio

MWENDE: Kabla hatujaenda mbali, Salim, waambie wasikilizaji ulichokifanya Jumamosi.

SALIM: Nilitafuna jani.

MWENDE: Jani la mti gani?

SALIM: La muthiga. Zima. Ulisema "onja kidogo", mimi nikadhani ni kitu kama mnanaa. Kuna pilipili, ndugu zangu, halafu kuna muthiga. Ulimi uliniwaka kutoka katikati ya msitu hadi langoni.

MWENDE: Karibuni. Mimi ni Mwende, na huyu mwenye ulimi wa moto ni Salim, kijana wa Mombasa ambaye ameishi Nairobi miaka sita bila kukanyaga msitu wa Karura, hadi Jumamosi hii nilipompeleka.

SALIM: Niliogopa! Nilipokuja huku, binamu yangu aliniambia Karura ni mahali pa kutupiwa maiti. Nani aende huko kupunga upepo?

MWENDE: Alikuwa anakumbuka zamani, lakini hakudanganya. Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akisikia tu jina la Karura anashika kichwa. Sasa Jumamosi umeona mwenyewe: watoto na baiskeli, akina mama wanakimbia, wazee wamekaa chini ya mti wanakula viazi karai.

SALIM: Nilishangaa. Msitu wa hekta elfu moja na zaidi, ndani ya jiji. Gigiri huku, Muthaiga kule.

MWENDE: Na hiyo Muthaiga unayoitaja, wengi husema jina lake limetoka kwa huo mti uliokuchoma. Wazee wa Kikuyu walitafuna gome lake wakiumwa na jino au wakibanwa na kikohozi.

SALIM: Jino lingeniuma siku hiyo, lingenyamaza kwa woga.

MWENDE: [anacheka] Haya, tuingie kwenye miti. Ulikuja na kidaftari, umeandika nini?

SALIM: Niliandika kwamba mwalimu wangu alinidanganya. Ulinifundisha, "Salim, ukigeuza jani ukaona chini ni jeupe kama fedha, huo ni msinduzi." Nikageuza la kwanza, jeupe. La pili, jeupe. Kumbe la pili ni muhugu!

MWENDE: Hapo wengi huanguka. Msinduzi, ambao Nairobi wengi wanaujua kwa jina la mukinduri, kweli una jani lenye mgongo wa fedha. Muhugu pia mgongo wa jani ni mweupe. Kwa hiyo usitegemee jani peke yake. Angalia chini. Kwenye msinduzi unakanyaga kokwa ngumu za duara, ukipasua moja unakuta mbegu tatu. Halafu rudi kwenye shina. Shina la muhugu mzee lina mifereji, limejikunja-kunja kama nguo iliyokamuliwa, na mara nyingi ndani lina uwazi.

SALIM: Na ni mzito. Nilishika kile kitawi kilichoanguka, nikadhani ni chuma.

MWENDE: Mzito, na mchwa hawauli kwa urahisi. Mjomba wangu ni mchongaji, wa Wamunyu, kule Ukambani. Ukimtajia muhugu anatabasamu kama umemtajia mchumba wa ujanani. Twiga wale, vifaru, yale yote unayoyaona madukani kwa watalii, zamani mengi yalitoka kwenye muhugu. Na ndiyo maana muhugu mkubwa umekuwa adimu. Sisi Wakamba tuna mkono wetu hapo, siwezi kuficha.

SALIM: Kwa hiyo kila unapoonyesha mti unamwona mjomba na patasi.

MWENDE: Kila mara! Haya, na ule wa lozi?

SALIM: Huo ndio nilioupenda. Muiri. Gome jeusi limepasuka vipande-vipande kama matope ya bwawa lililokauka. Ukisugua jani, ukanusa, ni lozi chungu. Nilikumbuka halua.

MWENDE: Muiri umeponzwa na gome lake. Linatengenezwa dawa ya tezi dume na kuuzwa Ulaya, watu wakawa wanauchuna mti mzima mpaka unakufa ukiwa umesimama. Tangu miaka ya tisini, biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali.

SALIM: Sasa nikuulize. Kuna sehemu tulipita, miti mirefu imepangwa mistari kama askari wa gwaride, chini hakuna kitu. Ukanivuta mkono, "twende, hapa hakuna hadithi."

MWENDE: Mikaratusi. Ee, niliionea. Hadithi ipo, ila ni ya reli. Wakoloni waliipanda kwa ajili ya kuni za magari moshi, kwa sababu mkaratusi hukua haraka. Karura ilitangazwa hifadhi mwaka 1932, na sehemu kubwa ikawa shamba la miti ya kigeni. Kwa hiyo ukitembea unavuka mpaka bila kujua: hatua kumi nyuma ulikuwa msituni, sasa uko shambani. Sikiliza ndege. Wakinyamaza, angalia juu, utaona mikaratusi.

SALIM: Hilo sikuliandika. Ngoja.

MWENDE: Andika. Na andika tarehe 8 Januari 1999.

SALIM: Wangari Maathai, mtetezi wa misitu.

MWENDE: Vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa watu binafsi wajenge, na miti ilikuwa imeshaanza kuangushwa. Siku hiyo alikwenda na wenzake, wabunge na waandishi wa habari wakiwemo, kupanda mche. Mche tu! Akazuiwa langoni. Akasema basi tutaupanda hapa hapa nje. Wakavamiwa na vijana wenye rungu na mapanga. Akapigwa kichwani. Alikwenda polisi kuandikisha taarifa, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe.

SALIM: Na ilikuwa msitu wa umma. Mwananchi anazuiwa kwenye lango la mali yake.

MWENDE: Hapo ndipo mimi na wewe tulipogombana kwenye matatu.

SALIM: Hatukugombana, wewe ulipandisha sauti. Nilichosema ni hiki: mama wa watu alipigwa akitetea msitu usifungwe, leo umezungushiwa uzio wa umeme na kuna mtu dirishani anakuuliza una pesa au huna.

MWENDE: Na mimi nikakujibu: kabla ya uzio, nani alikuwa akiingia? Msitu ulikuwa wazi pande zote, na mama yangu hakuweza kuutembea hata hatua kumi. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliruhusu jamii kushirikiana na serikali kutunza misitu. Hapo ndipo kikundi cha jamii cha Friends of Karura wakaja na Shirika la Huduma za Misitu la serikali, uzio ukajengwa, vijana wa Huruma pale pembeni wakafanywa walinzi. Msitu ulifungwa kwa waya ndipo ukafunguka kwa watu.

SALIM: Kwa watu wenye nauli na kiingilio.

MWENDE: Kwa miaka mingi Mkenya alilipa shilingi mia.

SALIM: Mia kwako ni chai na mandazi. Kwa mama wa Mathare mwenye watoto wanne, hata watoto wakilipa nusu, pamoja na nauli, hiyo ni unga. Nakubali kazi ya msitu inataka pesa. Lakini kungekuwa na siku moja kwa mwezi ya bure, ningenyamaza.

MWENDE: Hiyo siku nakuunga mkono. Na ujue hata waliomo ndani hawajaelewana. Mwaka 2025 serikali iliagiza ada zilipwe kupitia mfumo wake wa mtandaoni, wale wa jamii wakaenda mahakamani. Swali lilikuwa pesa ya lango ishikwe na nani.

SALIM: Kwetu Pwani lango lina utaratibu mwingine. Nenda Kaya Kinondo, kule Diani. Zile kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini mwenye neno la mwisho ni wazee. Unavishwa kaniki nyeusi, unaingia taratibu, huchezi wala hupigi kelele.

MWENDE: Kiingilio?

SALIM: Kipo, sikudanganyi. [kicheko] Lakini kuna jambo linauma zaidi ya pesa. Hutoki na kitu. Si kijiti, si jani.

MWENDE: Hata jani lililoanguka lenyewe?

SALIM: Hata hilo.

MWENDE: Basi mwezi ujao twende. Wewe utakuwa mwalimu, mimi nitabeba kidaftari.

SALIM: Na angalau huko hakuna atakayenilisha mti.